Sungura, Simbilisi na Panya Katika Nyumba Moja

  

Leo tunazungumza juu ya wanyama wadogo tunaoishi nao chini ya paa moja. Katika nyumba nyingi za Kenya, mtoto akifika darasa la pili au la tatu, huleta nyumbani sungura au simbilisi. Pengine amepewa na rafiki, pengine amefundishwa kufuga katika chama cha 4-K shuleni, pengine nyanya yake amemzawadia. Ni jambo zuri. Mtoto anajifunza kutunza kiumbe, na nyumba inapata kitoweo au pesa za kununua daftari.

Lakini mama, wanyama hawa wakikaa ovyo pamoja, na wakikaa ovyo pamoja na watoto, huleta maradhi. Na tena kuna mnyama wa tatu ambaye hukumwalika. Huyo ni panya. Leo tutawaangalia wote watatu.

KISA CHA MAMA MMOJA

Mama mmoja alinieleza yaliyompata, akaniruhusu niwasimulie bila kutaja jina lake. Kijana wake wa miaka saba alikuwa na sungura wawili na simbilisi sita. Wote walikaa jikoni, kwa sababu nje kulikuwa na mbwa wa jirani. Kijana naye alilala hukohuko jikoni pamoja na kaka yake.

Asubuhi moja aliamka na kidonda kidogo kidoleni. Akasema, "Simbilisi ameniuma." Mama akakifuta kwa kitambaa, kijana akaenda shule. Baada ya siku tatu kidonda kilikuwa kimekauka, kila mtu akasahau.

Siku ya sita kijana alipata homa kali na kutapika. Mama akadhani ni malaria, akanunua dawa dukani. Homa haikushuka. Magoti na vifundo vya mikono vikaanza kuuma, na vipele vikatokea kwenye viganja na nyayo. Hapo ndipo alipompeleka hospitali. Damu ilipimwa, malaria haikuonekana. Daktari akauliza swali moja: "Je, kuna wanyama nyumbani? Kuna aliyemuuma?" Mama akakumbuka kile kidole.

Kijana alitibiwa kwa dawa za kuua bakteria, akapona. Usiku mmoja baadaye, baba alimulika tochi jikoni akakuta panya mkubwa ndani ya chombo cha chakula cha sungura. Wakaelewa kwamba huenda simbilisi alisingiziwa. Ugonjwa ule ni homa inayotokana na kuumwa na panya. Kwa kawaida huanza siku tatu hadi kumi baada ya kuumwa, wakati kidonda chenyewe kimeshapona. Usipotibiwa, unaweza kuua.

Weka kisa hiki moyoni, tutakirudia.

KWA NINI SUNGURA NA SIMBILISI WASILALE KIZIMBA KIMOJA

Watu wengi huwaweka sungura na simbilisi pamoja kwa sababu wote ni wapole na wote hula majani. Mama, usifanye hivyo. Kuna sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni nguvu. Sungura ana miguu ya nyuma yenye nguvu sana. Akishtuka au akitaka kutawala, hupiga teke. Teke moja laweza kumvunja simbilisi mbavu. Simbilisi hajui kuruka wala kupanda juu, kwa hiyo hana pa kukimbilia.

Sababu ya pili ni maradhi. Sungura anaweza kubeba bakteria puani mwake bila yeye mwenyewe kuugua. Bakteria hao wakimfikia simbilisi, humletea nimonia. Utamwona amejikunyata, manyoya yamesimama, anapumua kwa shida na hataki kula. Mara nyingi hufa kwa siku chache tu, na wewe unadhani amekula sumu.

Sababu ya tatu ni chakula. Simbilisi ni kama sisi binadamu. Mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C, ni lazima aile kila siku. Sungura hujitengenezea mwenyewe. Chakula cha madukani kilichotengenezwa kwa ajili ya sungura hakimtoshi simbilisi. Akikosa vitamini hiyo hupata kiseyeye: viungo huvimba, hachezi, akishikwa hulia kwa maumivu. Mpe majani mabichi kila siku, kama vile sukuma wiki kiasi, na kipande cha pilipili hoho ukipata. Nyasi safi ndizo ziwe chakula kikubwa cha wote wawili.

Na angalia sana usiwape majani ya mparachichi, majani ya viazi mbatata wala majani ya nyanya. Hayo ni sumu kwao. Mweleze mtoto anayekwenda kukata majani.

Kwa kifupi, wanaweza kukaa boma moja, lakini kila mmoja awe na kizimba chake, chombo chake cha maji na chombo chake cha chakula. Ukisafisha, anza kwa simbilisi, kisha nenda kwa sungura, ili usimpelekee simbilisi maradhi kwa mikono yako.

MGENI ASIYEALIKWA

Sasa tumtazame panya. Panya hafuati sungura wala simbilisi. Anafuata chakula chao. Pale penye punje zilizomwagika, maganda, maji kwenye kopo na nyasi kavu za kulalia, panya ameona nyumba, jiko na kitanda pamoja.

Panya huleta hasara ya aina nyingi. Hula watoto wa sungura. Kumbuka mtoto wa sungura huzaliwa uchi na macho yamefumba, baada ya mama yake kubeba mimba kwa mwezi mmoja hivi. Hawezi kujitetea. Mtoto wa simbilisi huzaliwa na manyoya, macho yamefunguka, na siku hiyohiyo anatembea, lakini naye panya mkubwa anaweza kumuua.

Hasara iliyo kubwa zaidi ni ya watoto wetu. Panya hukojoa kila anapopita: juu ya sufuria, juu ya meza, ndani ya unga. Mkojo wake unaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa uitwao leptospirosisi. Vijidudu hivyo hupita kwenye mkwaruzo wa ngozi, machoni, puani au mdomoni. Dalili zake ni homa ya ghafla, kichwa kuuma, misuli kuuma hasa ya miguu, na macho kuwa mekundu. Ukizidi, macho na ngozi hugeuka manjano na figo hushindwa kufanya kazi.

Ugonjwa huu hauko mbali nasi. Mwezi wa Julai 2022, katika mkoa wa Lindi nchini Tanzania, watu walianza kuugua homa huku wengine wakitokwa na damu puani. Watatu walifariki kabla haijajulikana ni nini. Vipimo vilionyesha kwamba ni leptospirosisi, ambayo wenzetu huiita homa ya mgunda. Inatibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria, mradi mgonjwa awahi hospitali.

MARADHI YANAYOTOKA KWA WANYAMA WENYEWE

Hata bila panya, sungura na simbilisi wanaweza kumwambukiza mtoto. Haya ndiyo ya kuangalia:

Choa. Huu ni ule ugonjwa wa ngozi wa mviringo ambao watoto wengi huuita mashilingi. Simbilisi anaweza kuwa nao, ukaona manyoya yametoka usoni au mgongoni. Mtoto anayempakata huupata mikononi, shingoni au kichwani. Mtibu mtoto na umtibu mnyama pia. Ukimtibu mtoto peke yake, baada ya mwezi utarudi kununua dawa ileile.

Kuhara. Kinyesi cha wanyama hawa kinaweza kuwa na bakteria waletao kuhara, homa na kuumwa na tumbo. Mtoto anayetambaa ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu kila anachookota hukipeleka mdomoni.

Pumu na mafua yasiyoisha. Manyoya, vumbi la nyasi na harufu kali ya mkojo husumbua mapafu. Ongeza hapo moshi wa kuni, na mtoto analala jikoni. Kama mtoto wako hukohoa usiku au hupumua kwa mluzi, wanyama wasilale chumba kimoja naye.

Watu wanne wanahitaji ulinzi zaidi: mtoto wa chini ya miaka mitano, mama mjamzito, mzee, na mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua kwa sababu ya ugonjwa. Hao wasisafishe vizimba.

MTOTO AKIUMWA AU KUKWARUZWA

Mama, sikiliza hapa vizuri. Mtoto akiumwa na panya, simbilisi, sungura au mnyama yeyote, fanya hivi:

Kwanza, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Osha kwa dakika kumi na tano. Kama hakuna mfereji, mtu mmoja amimine maji kwa jagi na mwingine aoshe.

Pili, usipake mafuta ya taa, majivu, kinyesi cha ng'ombe wala dawa ya meno. Funika kwa kitambaa safi.

Tatu, mpeleke mtoto katika zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo, ukiwa na kijitabu chake cha kliniki. Wataangalia kama anahitaji sindano ya kuzuia pepopunda na kama anahitaji dawa.

Nne, andika tarehe aliyoumwa nyuma ya kijitabu hicho. Katika majuma manne yatakayofuata, akipata homa, vipele au maumivu ya viungo, rudi haraka. Na hata usipoulizwa, sema: "Mtoto huyu aliumwa na mnyama tarehe fulani." Yule mama wa kisa chetu aliniambia kwamba maneno hayo machache yangemwokolea mwanawe siku nyingi za mateso.

JINSI YA KUPANGA NYUMBA

Najua utasema, "Mimi nina chumba kimoja cha kupanga. Vizimba niviweke wapi?" Ni swali la haki. Tufanye tunaloweza.

Kama una uwanja, wajengee banda nje, chini ya kivuli, limeinuliwa juu ya miguu ya mbao kimo cha kiuno. Sakafu na madirisha yawe ya wavu wa waya wenye matundu madogo. Panya mdogo hupenya kwenye tundu linalotosha kalamu, basi chagua waya kwa makini na uzibe nyufa kwa bati. Waachie sehemu ya ubao ya kulalia ili miguu yao isipate vidonda. Simbilisi ana miguu midogo inayonasa kwenye waya, kwa hiyo sakafu yake ni bora iwe ya ubao uliotandikwa nyasi kavu au maranda.

Kama huna uwanja, waweke kwenye veranda au kona iliyo mbali na moto, mbali na vyakula na mbali na kitanda cha mtoto. Na kama pa kulala ni chumba hichohicho kimoja, punguza idadi. Simbilisi wawili wa kike waliotunzwa ni bora kuliko kumi wanaohangaika. Tena watenge wa kiume mapema. Simbilisi dume wa majuma matatu tu anaweza kuanza kuzalisha, na kabla hujageuka nyumba imejaa.

Kila jioni ondoa mabaki ya chakula. Chakula cha akiba kiweke kwenye debe au ndoo yenye kifuniko kinachobana, usikiache kwenye gunia. Ondoa kinyesi na nyasi zilizolowa angalau mara mbili kwa juma, uvipeleke shimoni shambani, mbali na kisima.

Ukikuta kinyesi cha panya, usikifagie kikavu, kwa maana vumbi lake litaingia puani. Changanya jiki kikombe kimoja na maji vikombe tisa, nyunyizia, ngoja dakika tano, kisha pangusa kwa kitambaa ukiwa umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi.

Kila mtu akishamgusa mnyama anawe mikono kwa sabuni. Mfundishe mtoto asimbusu mnyama, asile huku amempakata, na asilale naye.

HATARI YA DAWA

Kuna dawa za namna mbili ninazotaka kuzitaja.

Ya kwanza ni dawa ya panya. Mama, watoto wengi wamedhurika kwa sumu iliyowekwa kwenye kipande cha mkate au nyama, au iliyotiwa kwenye chupa ya soda. Penye mtoto mdogo, tumia mtego na kuziba mashimo. Ikiwa mtoto amemeza sumu, usimlazimishe kutapika, na usipoteze wakati ukitafuta maziwa. Mkimbize hospitali, na ubebe pakiti au chupa ya dawa hiyo ili daktari aione. Usizinunue zile dawa za kienyeji za barabarani zisizo na jina, kwa sababu daktari hatajua ni sumu gani.

Ya pili ni dawa ya mtoto iliyobaki. Simbilisi au sungura akiugua, wengine humpa ile dawa ya amoksilini iliyobaki kwenye chupa ya mtoto. Usijaribu. Dawa hiyo, ambayo humponya mtoto, huua bakteria wema walio tumboni mwa sungura na simbilisi, nao huhara na kufa. Muulize afisa wa mifugo wa wadi yako. Na dawa ya mtoto mwenyewe, ammalize yote kama alivyoagizwa, isibaki.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Swali: Nilisikia simbilisi hufukuza panya. Je, ni kweli?

Jibu: Usiyategemee hayo. Chakula cha simbilisi ndicho humwita panya. Kinachomfukuza panya ni usafi, debe lenye kifuniko na mashimo yaliyozibwa.

Swali: Mtoto akiumwa na sungura au simbilisi, atapata kichaa cha mbwa?

Jibu: Ni nadra mno kwa wanyama hao wadogo kuwa na kichaa. Hapa Kenya, binadamu hukipata hasa kutoka kwa mbwa. Hata hivyo osha kidonda na uende kituo cha afya, kwa kuwa kuna hatari nyingine tulizozitaja. Na akiumwa na mbwa au paka, usingoje hata kidogo.

Swali: Nina mimba ya miezi mitano. Ni lazima niwafukuze simbilisi wa watoto wangu?

Jibu: Si lazima, lakini usisafishe vizimba wewe. Mwachie baba au kijana mkubwa. Tena jihadhari na panya wadogo wa nyumbani, kwa maana wanaweza kubeba kirusi kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mweleze muuguzi wa kliniki kwamba mnafuga wanyama.

KUMBUKA

Sungura na simbilisi, kila mmoja na kizimba chake.
Chakula chao ndani ya debe lililofunikwa.
Mtoto asilale chumba kimoja na wanyama kama kuna njia nyingine.
Mikono inawe kwa sabuni baada ya kuwagusa.
Akiumwa, osha dakika kumi na tano, nenda zahanati, andika tarehe.
Homa ikija, mtaje mnyama.

Yule kijana bado anafuga. Baba yake alimjengea banda nje, la miguu mirefu, sungura upande huu na simbilisi upande ule. Jikoni sasa hakulali mtu wala mnyama. Mama yake aliniambia, "Kila asubuhi kabla hajaenda shule hunionyesha mikono, na mimi namwonyesha sabuni." Nawe mama, leo jioni kabla ya kulala, chukua tochi umulike kona za jiko lako uone ni nani anayekula pamoja nanyi.